Grainda kashika mwingine, jicho likawa langu

Mimi ni fundi rangi. Mageti na madirisha ya grili yakishatoka kwa wachomeleaji yanakuja kwangu, napiga msasa, naweka redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, napuliza rangi, basi. Sichomelei wala sikati chuma, na ndo maana miaka yote niliyokaa pale Tabata hakuna mtu aliyewahi kuniambia habari za miwani. Barakoa nilikuwa navaa, tena nzuri ya vichujio, kwa sababu tina, ile ya kuyeyushia rangi, ukiivuta sana kichwa kinagonga. Macho tulijua ni shida za wenye mashine. Sasa siku nimekaa benchi la kliniki ya macho nasikiliza watu wanavyosimulia, kumbe siko peke yangu, kuna kijana kazi yake ni kushika bomba mwenzie akate, kuna dereva alienda tu kuangalia bodi la Fuso lake linavyochomelewa, kuna mama anauza chai nje ya gereji. Mkataji mwenyewe mara nyingi kageuza uso, cheche kawaelekezea wenzie.

Ilikuwa masika. Siku za jua mimi nafanyia kazi nje kabisa, upande wa barabarani, mbali na wakataji, ila mvua ikishuka wote tunajibana chini ya bati moja, mashine ya kuchomelea, grainda ya kukatia na kusagia chuma, kompresa yangu ya upepo, mabomba, na wateja wanaosubiri humo humo. Tulikuwa na oda ya geti la milango miwili na madirisha ya nyumba nzima, mwenye nyumba anataka kuhamia mwisho wa wiki, kila mtu mbio. Mimi nimechuchumaa napaka redoksaidi kwa brashi kwenye zile kona ambazo bunduki ya rangi haifiki, jamaa yangu yuko nyuma kidogo anakata skwea paipu kwa grainda. Cheche zake zilikuwa zinanigonga mgongoni na mkononi na sikujali, ukishazizoea unaziona kitu cha kawaida, zikikufikia kwa umbali ule haziunguzi sana. Nikageuka kumwambia anisogezee kopo la tina. Hapo hapo.

Wala haikuuma kwa kutisha. Kitu kidogo sana kiligonga jicho la kushoto, likafumba lenyewe, machozi yakaanza. Nikakimbilia ndoo ya maji iliyokuwa karibu, ambayo ni ile ile ya kupozea chuma, maji yake yana rangi ya kutu na chini kuna vumbi jeusi. Maji mengine hayakuwepo. Karakana nzima ya watu wazima hatukuwa hata na chupa moja ya maji safi, na hii ingekuwa ya kwanza kurekebishwa kabla hata ya kununua miwani, kwa sababu vumbi ambalo halijaganda mara nyingi linatoka lenyewe ukimwagia maji safi mengi, taratibu, kutokea upande wa pua kwenda nje huku unapepesa.

Halafu akaitwa mtaalamu. Kila sehemu wanapochomelea kuna mtu wake wa kutoa vyuma machoni, wa kwetu ni mzee mmoja ana mkono mwepesi kweli, anazungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti, anakupindua kope, anatoa. Akanikalisha kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa, akawasha tochi ya simu.

"Tulia mwanangu, usipepese. Nakiona. Kipo kwenye jeusi hapa, kimeganda."

Akajaribu na pamba, kikagoma. Akajaribu tena. Akasema mleteeni pini. Nikasimama.

"Mzee wangu, kwenye pini hapana. Samahani sana."

"Unaogopa tu wewe, wote hawa unaowaona nimewatoa mimi."

Na ni kweli amewatoa wengi na simsemi vibaya, alikuwa anasaidia kwa roho moja na hachukui hata mia. Tatizo ni kwamba uchafu unaoelea kwenye weupe wa jicho au uliojificha chini ya kope ni kitu kimoja, na chuma kilichojichimbia kwenye konea, kile kioo cha mbele kinachofunika jeusi la jicho, ni kitu kingine kabisa. Baadae daktari aliniambia konea ile katikati ina unene wa kama nusu milimita. Sasa pima pini, mkono wa mzee, tochi ya simu, na mtu anayetetemeka. Kama pamba iliyolowa maji safi haijakitoa kwa kugusa mara moja, acheni hapo hapo, msiendelee kusugua, mnachubua tu.

Usiku ndo niliujua moto wake. Kila nikipepesa kope inapita juu ya kile kichuma, taa ya chumbani sikuweza kuiangalia, machozi yanamwagika mto umelowa. Mama watoto akasema twende hospitali saa hizi, mimi nikasema tungoje asubuhi, asubuhi nikaona kwanza nipite duka la dawa kwa sababu ni karibu na ni bei rahisi. Muuzaji hakuangalia jicho hata kwa tochi, kaniuliza linauma au linawasha, akanipa kichupa cha matone. Jioni wekundu ukapungua. Kesho yake maumivu yakapungua. Nikarudi kazini nikaambiwa pole, nikasema nimeshapona bana.

Hapa ndo pabaya kuliko pote kwenye stori hii. Yale matone yalikuwa yamechanganywa na steroidi. Steroidi inashusha uvimbe na wekundu, kwa hiyo jicho linaonekana limepoa, lakini kichuma kipo pale pale kinashika kutu, na kinga ya jicho imepunguzwa makali, yaani vijidudu vikiingia kwenye kale kajeraha vinajitanua bila mtu kuhisi mapema. Ukiwa na mchubuko kwenye konea hayo si matone ya kujinunulia kwa kubahatisha. Mi naona hata kupata nafuu ya haraka baada ya chuma kuingia ni ya kuitilia shaka, kama hakuna mtu aliyekuonyesha kichuma chenyewe kimetoka basi hesabu bado kipo.

Kilichonipeleka hospitali mwishowe si maumivu, ni kazi. Nilipuliza geti rangi nyeusi ya kung'aa, nikaliacha likauke, mteja kaja anapitisha kidole kwenye chuma cha chini ananiambia fundi mbona rangi imetiririka huku. Mimi sikuiona. Nikafumba jicho la kulia nikaangalia kwa la kushoto peke yake, ukungu. Usiku wake nimepanda bodaboda, taa za magari yanayokuja zina duara la mwanga pembeni. Mtu unayeishi kwa macho, unajua tofauti ya nyeusi mbili ambazo mteja anaziona moja, halafu unaona jicho linakuaga, dah, sikulala.

Zahanati walinipa rufaa bila kunichelewesha. Kliniki ya macho unaanza kusoma herufi ukutani, jicho moja moja, kisha unaingia kwa daktari kwenye ile mashine unaweka kidevu na paji la uso. Wanakutia tone la rangi ya njano, wanawasha mwanga wa bluu, na pale penye mchubuko panawaka kijani. Akaangalia kimya muda mrefu. Akaniambia chuma kipo, na pembeni yake kuna duara la kahawia, hiyo ni kutu, chuma kikikaa kwenye konea ndani ya saa chache tu kutu inaanza kusambaa kwenye nyama ya konea yenyewe, kwa hiyo sasa kuna kazi mbili, kutoa chuma na kukwangua kutu. Akaongeza kwamba pembeni ya duara pameanza kidonda.

Niseme jinsi kinavyotolewa maana woga wa hiki kitu ndo unawafanya watu wakimbilie njiti ya kiberiti. Unatiwa matone ya ganzi, yanawasha sekunde chache halafu hujui tena kama una jicho. Unabana kidevu kwenye mashine, unashika vishikio. Dokta akaniambia, "Kaka, angalia sikio langu la kulia, usiliache." Sindano inatokea pembeni, haiji usoni moja kwa moja, unaiona kivuli tu, na hamna maumivu kabisa, unasikia kitu kinagusa kwa mbali. Kisha kwa kutu akachukua kidude kinachozunguka, mlio wake ni wa mbu sikioni. Akanionyesha kile kichuma kwenye pamba. Punje ya chumvi ni kubwa kuliko kile. Kutu haikutoka yote siku ile, akasema tuipe muda ilainike nirudi amalizie, tukaja kumalizia.

Ganzi ikiisha maumivu yanarudi, nikamwomba yale matone ya ganzi niende nayo nyumbani. Akakataa, na alikasirika kidogo. Matone ya ganzi ukiyarudia rudia yanaua ngozi ya juu ya konea, kidonda hakifungi, na kwa sababu husikii maumivu unaweza kulipoteza jicho umekaa unaangalia mpira. Nimekuja kusikia kuna watu wanayapata mtaani. Jamani. Kwa maumivu meza vidonge, weka dawa ya kuua bakteria uliyoandikiwa, vaa miwani ya jua, lala.

Jicho lilipona ila kovu limebaki, kwa bahati liko pembeni kidogo ya katikati. Mchana sina shida. Usiku ile duara kwenye taa bado ipo na daktari kaniambia hiyo nitakaa nayo.

Hela sasa. Bima sina. Kumuona daktari, kutolewa, dawa, na kurudi kurudi, ilifika kama Sh 150,000, hapo sijahesabu siku ambazo sikuingiza kitu, na sisi tunalipwa kwa kazi, usipopaka hakuna anayekuuliza umekula nini. Bosi alinipa Sh 30,000 akasema ya nauli. Miwani ya wazi ya kazini Gerezani pale Kariakoo niliuziwa Sh 5,000, na za bei chini ya hapo zilikuwepo.

Nirudi kwenye benchi kidogo, maana kuna kijana mmoja simulizi yake imenikaa kuliko yangu. Yeye ni fundi wa magari, alikuwa anagonga pini ya chasisi kwa nyundo na tindo. Kile kichwa cha tindo cha kwao kilishachanua kama uyoga kwa kugongwa miaka, kipande kikaruka. Anasema alisikia kachomo tu, akapangusa, akaendelea na kazi, jicho halikuwa hata jekundu sana. Siku zikapita uoni unapungua, kupigwa eksirei chuma kiko ndani ya jicho, kimepenya na tundu limejifunga nyuma yake. Huyo alikuwa anasubiri upasuaji. Chuma kikikaa ndani ya jicho kinatoa sumu yake pole pole kwa miezi na kinaharibu ile sehemu ya nyuma inayopokea picha, haileti kelele. Kwa hiyo maumivu yasiwe kipimo chenu. Chuma kilichorushwa na grainda mara nyingi kinakaa juu na kinauma sana, kilichorushwa na nyundo kinaweza kupenya na kisiume. Ukigonga chuma kwa chuma halafu ukahisi kachomo, ukaona machozi mazito, mboni imekaa vibaya au uoni umeshuka, usioshe, usikandamize, usipake mafuta wala dawa yoyote, kata kitako cha kikombe cha karatasi funika jicho bila kuligusa, bandika plasta juu, nenda. Na kama kuna kitu kimechomeka unakiona, kiache kilivyo. Tindo lililochanua mpelekee huyo huyo mwenye grainda alisage kingo, ni kazi ya dakika mbili.

Jambo jingine nililolipata pale, kama umewahi kupata chuma jichoni na siku moja ukaambiwa ufanyiwe kipimo cha MRI, waambie kabla. Ile mashine ni sumaku kubwa mno, kama kuna kipande kimebaki ndani inaweza kukisogeza. Watakupiga eksirei ya macho kwanza.

Watu wa kuchomelea nao wana lao ambalo wanalichanganya na hili la kwangu. Kuna kupigwa na mwanga. Umechomelea mchana, au umesimama tu karibu unaangalia, jioni au usiku wa manane, saa 6 hadi 12 baada ya kazi, macho yote mawili yanawaka, unahisi mchanga, huwezi kuangalia taa. Hiyo ni miale ya ile cheche ya umeme imeunguza uso wa konea, na kwa kawaida inapona ndani ya siku moja au mbili, ukae gizani na kitambaa cha baridi. Watu wanabandika vipande vya viazi, wengine maziwa, mimi sioni haja ya kuweka chakula kwenye jicho lililoungua. Ila sikiliza tofauti: mwanga unapiga macho mawili na unachelewa, chuma kinaingia jicho moja na unakijua hapo hapo au muda mfupi baadae, kila ukipepesa kinakwaruza sehemu ile ile. Kuna jamaa kakaa na chuma jichoni anabandika viazi akidhani ni mwanga. Kama ni jicho moja, si mwanga, na kama ni mawili ila hayajapoa baada ya siku mbili, nalo nenda.

Kwenye kioo cha kuchomelea pia kuna mchezo. Ile miwani ya duara nyeusi ya watu wa gesi ni namba 5 hivi, inatosha kukatia kwa gesi. Kwa mashine ya umeme na vijiti vya kawaida unahitaji namba 10 au 11. Mtu anachomelea kwa umeme na miwani ya gesi, au mbaya zaidi miwani ya jua ya barabarani, anajiona kajikinga. Na hata mwenye ngao nzuri namba 11, akimaliza mstari anaipandisha kichwani ili aone vizuri wakati wa kugonga yale magamba yanayofunika weldi, na yale magamba yanaruka ya moto, yana ncha, yanakuja usoni. Ndani ya ngao nyeusi kuwe na miwani ya wazi, ubakie nayo ukipandisha ngao. Hili wachomeleaji wetu lilikuwa gumu kweli kulikubali, wanasema kioo juu ya kioo hawaoni.

Tukija kwenye grainda, hapa nitakaa kidogo maana ndo chanzo cha mengi. Angalia jiwe la kukatia, limeandikwa mzunguko wa juu na spidi. Jiwe dogo la inchi 4.5 linaruhusiwa kama mizunguko 13,300 kwa dakika, na grainda ndogo nyingi zinazunguka 11,000. Jiwe kubwa la inchi 9 mwisho wake ni kama 6,600. Yote yameandikwa mita 80 kwa sekunde, hiyo ukigeuza ni kilomita 288 kwa saa pale ukingoni mwa jiwe, na vumbi linaondoka pale pale. Sasa mafundi wakiwa na jiwe kubwa lililolika likabaki dogo dogo wanaona hasara kulitupa, wanavua kava ya grainda ndogo, wanalifunga. Jiwe limetengenezwa kwa 6,600 unalizungusha 11,000, bila kava. Likipasuka hakuna miwani ya Sh 5,000 itakayokusaidia. Ukiona hivyo, wewe ambaye hujashika mashine, ondoka pale, usibishane.

Kwenye kile kipete cha chuma katikati ya jiwe kuna tarehe imegongwa, mwezi na mwaka, ni mwisho wa matumizi. Gundi iliyoshika jiwe inachoka, hasa likikaa kwenye unyevu, na store ya kwetu ni pembeni ya mtaro. Siku nilipokagua yetu mengi yalikuwa yamepita. Lingine ni kusaga ubavu kwa jiwe jembamba la kukatia, halijaundwa kwa hilo. Na brashi ya waya ya kufunga kwenye grainda, ambayo ni yangu mimi fundi rangi kutolea kutu, ile inarusha nywele za waya zinazopita hadi kwenye shati, usiiwashe bila miwani iliyofunga pande zote na ngao ya uso juu yake.

Na mimi kompresa yangu nayo ni mkosaji. Kabla ya kupaka nilikuwa napuliza geti kwa upepo kutoa vumbi, yaani nachukua vumbi la chuma lililotulia nalirusha kwenye macho ya watu wote. Siku hizi nafuta kwa kitambaa chenye tina na kazi inatoka safi zaidi, rangi inashika. Chini tunafagia kwa sumaku ya spika ya zamani tuliyoifunga kwenye fimbo, ukiifunika na mfuko wa nailoni ni rahisi, unavua mfuko vumbi linadondoka lote.

Miwani. Tusidanganyane, Dar joto hili miwani inaota ukungu, jasho linaingia, mtu anavua. Hiyo ndo sababu ya kweli, si ubishi. Kwa hiyo usinunue dazeni ya aina moja ukamwaga mezani. Kwenye kukata na kusaga chukua yenye mfuniko wa pembeni na iliyobana juu ya nyusi, au gogo, zile miwani zinazofunga macho pande zote, zenye matundu ya hewa yaliyojificha. Paka tone la sabuni ya vyombo ndani, futa kwa kitambaa kikavu bila kusuuza, ukungu unapungua. Angalia maandishi kwenye kioo au kwenye mkono: EN 166, hicho ni kiwango cha Ulaya, pamoja na herufi F maana yake imepimwa kwa kipira cha chuma kinachokuja mita 45 kwa sekunde, herufi B ni mita 120, hiyo utaikuta kwenye gogo na ngao za uso. Za Kimarekani zinaandikwa Z87+. Isiyo na maandishi yoyote ni ya urembo. Ngao ya uso peke yake haitoshi, vumbi linapitia chini ya kidevu, ndani yake vaa miwani.

Kuna kosa la kuvua ambalo hata wazoefu wanalifanya. Umemaliza, unainua miwani juu ya kichwa, vumbi lililokaa kwenye nyusi na ukingo wa miwani linamiminika jichoni. Inama kwanza, futa paji la uso, ndo uvue ukielekeza mbele. Na ukifika nyumbani osha nywele umefumba macho kabla hujalala, kuna watu chuma kimewaingia kitandani.

Niliporudi sikutoa hotuba. Nilimwonyesha bosi risiti zangu nikamwambia ningekuwa ni mteja aliyekuja kuangalia geti lake ingekuwaje. Hiyo ya mteja ilimwingia kuliko jicho langu, sitamlaumu, ndo biashara. Tukachukua mabati mabovu tukatengeneza kizuizi cha kusogeza, mkataji anaelekeza cheche ukutani, mtu akipita anapita nyuma yake. Miwani zinaning'inia kwenye msumari juu ya swichi ya grainda, mkono unaoenda kuwasha unazikuta. Anayeshika bomba anavaa kabla ya anayekata, na kama hajavaa mkataji hawashi. Mzee wetu yeye amepewa chupa ya maji safi na pamba, pini tumeitoa. Mwanzoni alinuna, sasa hivi ndo yeye anayewafukuza wanafunzi wanaosimama kushangaa mwanga wakitoka shule.

Kisheria, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga, siyo fundi ajinunulie, na OSHA, wakala wa serikali, ndo wasimamizi wake. Kuna pia WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, anayechangia ni mwajiri na hakatwi mfanyakazi hata senti. Sisi dei waka, vibarua wa siku, wengi hatujaandikishwa popote na mimi sikupata kitu, ila kama wewe una mkataba uliza mapema umeandikishwa au la, na ukiumia hakikisha bosi ameripoti kwa maandishi, tunza na vyeti vya daktari.

Kama unasoma hii na jicho linakukwaruza sasa hivi, usiendeshe, mwombe mtu akupeleke. Madaktari bingwa wa macho Dar utawapata Muhimbili na CCBRT, kaskazini kuna KCMC Moshi, na hospitali nyingi za mikoa zina kitengo cha macho. Usingoje, beba na kile kichupa cha dawa ulichoshatumia wakione. Na ukifika mapokezi usiseme jicho linauma, sema chuma kimeingia jichoni, saa ngapi, na kama ilikuwa grainda au nyundo. Mimi nilisema linauma, nikapangwa foleni ya wanaotaka miwani ya kusomea.